Maskati na Unguja: Masafa Yaleyale, Muda Mwingine

Kutoka uwanja wa ndege wa Maskati hadi ule wa Kisauni, Unguja, ni takriban kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege iendayo moja kwa moja huzimaliza kwa saa tano na ushei. Aliyekunywa chai ya asubuhi Maskati huwahi chakula cha mchana Unguja.

Kwa karne nyingi safari hiyohiyo ilihesabiwa kwa misimu. Majahazi yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakafika baada ya wiki tatu au nne endapo pepo zilikuwa njema. Kurudi kulingoja upepo wa kusi, uanzao Aprili. Katikati ya kusi, Juni na Julai, Bahari ya Arabuni huchafuka hata manahodha wakaacha kusafiri. Aliyechelewa kung'oa nanga alisubiri hadi Agosti au Septemba.

Dola nzima iliendeshwa kwa kalenda hiyo. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, alitawala pia Oman, lakini hakuweza kuwapo katika ncha zote mbili. Tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati, alifariki baharini karibu na Shelisheli. Mwanawe Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Maskati. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, aliamua nchi hizo zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ugomvi wa urithi, mali ya karafuu na maslahi ya Waingereza vilichangia utengano huo. Masafa nayo yalikuwa yamekwisha kuzoesha kila upande kujitegemea.

Hata hivyo, ugumu uleule uliotenga serikali uliunganisha watu. Mgeni wa kaskazi alilazimika kukaa miezi kadhaa: akapanga nyumba, akakopa na kukopesha, akajifunza lugha, akaoa. Wapo pia waliovushwa kwa nguvu. Majahazi yaliyoleta tende na kurudi na boriti yalipakia vilevile watumwa, na kwao hao kusi ilikuwa safari isiyo na marejeo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walihama Unguja, na tangu 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walio ng'ambo warudi kujenga nchi, Kiswahili kikapata makazi mapya Maskati. Kilichowapokea huko kilikuwa udugu uliojengwa na safari za polepole.

Leo wajukuu wao huenda Unguja kwa mazishi au harusi na kurudi kabla ya wiki kwisha. Ndege imewapa uwezo wa kuwahi, jambo ambalo mababu hawakuwa nalo. Haikuwapa sababu ya kukaa. Zamani upepo ndio uliomzuia mgeni hadi akawa mwenyeji. Sasa anayetaka udugu huo udumu hana budi kujizuia mwenyewe.