Akodiani: Ala Iliyouzwa kwa Wasiojua Kuipiga

Akodiani ni ala inayobebwa kifuani kwa mikanda miwili, ambayo sauti yake hutokana na vilimi vyembamba vya chuma vinavyotikisika hewa inapopita, na hewa hiyo husukumwa na mvukuto uliokunjwakunjwa ambao mpigaji huufungua na kuufunga kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukitafuta wimbo. Historia yake inatofautiana na ya udi, fidla au ganuni kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba ala hizo zilikua polepole mikononi mwa mafundi na wapigaji waliorithishana elimu kwa karne nyingi, ilhali akodiani ilibuniwa katika karakana, ikasajiliwa serikalini, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuuzwa kwa mtu asiyejua muziki. Kusudio hilo la kibiashara ndilo linaloeleza jinsi ilivyoenea haraka, kwa nini watu wengi waliinunua kisha wakaiacha, na kwa nini baadhi yao huirudia uzeeni.

Kilimi huru, yaani kilimi kinachotikisika ndani ya tundu lake bila kugonga kingo, kilijulikana Uchina tangu kale katika ala ya mianzi iitwayo sheng. Ulaya iliizingatia kanuni hiyo kwa dhati mwishoni mwa karne ya 18, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 mafundi wa miji kadhaa walikuwa wakijaribu vinanda vidogo vya aina hiyo, kiasi kwamba ubishi kuhusu nani hasa alitangulia haujaisha hadi leo. Kilicho wazi ni hati. Mnamo Mei 1829 Cyrill Demian, fundi wa vinanda mwenye asili ya Kiarmenia aliyeishi Vienna, pamoja na wanawe Karl na Guido, alipewa hati ya ubunifu kwa kisanduku alichokiita akodiani. Kilikuwa na vibonye vitano tu, na kila kibonye kilitoa akodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja na kupatana. Akodi moja ilisikika mvukuto unapofunguliwa na nyingine unapofungwa. Jina la ala lilitokana na akodi hizo. Katika maelezo aliyoyawasilisha, Demian alisisitiza kwamba chombo chake ni chepesi kubebwa safarini, na kwamba hata asiye mwanamuziki angeweza, baada ya mafunzo mafupi, kupiga nyimbo zinazopendwa. Maelezo hayo yana ladha ya tangazo la biashara kuliko ya hati ya ufundi.

Ahadi hiyo ilikuwa na ukweli wake. Anayeanza fidla hutumia miezi mingi kutafuta mahali pa kuweka kidole ili sauti isipinde, na anayeanza nai huhangaika kwanza kupata sauti yoyote ile, lakini anayebonyeza kibonye cha akodiani hupata sauti safi papo hapo, kwa kuwa fundi aliyechonga kilimi kiwandani amekwisha kumalizia kazi ya kuilinganisha. Ugumu umefichwa kwingine, katika mvukuto, ambao hufanya kazi ya pumzi kwa mwimbaji au ya upinde kwa mpiga fidla: ndio unaokuza na kupunguza sauti, ndio unaokata sentensi ya muziki, na ukigeuzwa pasipo mahali pake wimbo huvunjika hata kama vidole havikukosea. Hili mnunuzi hakuambiwa dukani.

Biashara yenyewe ilikomaa Italia na Ujerumani. Mwaka 1863 Paolo Soprani alianza kutengeneza akodiani Castelfidardo, mji mdogo wa mlimani karibu na Loreto, mahali pa hija mashuhuri kwa Wakatoliki. Simulizi ya wenyeji husema kwamba hujaji aliyelala nyumbani kwao ndiye aliyeacha ala ya kwanza ambayo kijana huyo aliifungua na kuiiga, na iwe kweli au isiwe, mahujaji hao walikuwa wateja wake wa mwanzo. Mwaka 1876 Mariano Dallapè alifungua karakana Stradella, kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Huko Trossingen, Ujerumani, kampuni ya Matthias Hohner, iliyoanza na vinanda vya mdomo mwaka 1857, iliingia katika akodiani mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa tayari na mtandao wa mauzo uliovuka bahari.

Wakati huo umbo linalofahamika zaidi leo lilikuwa limepatikana. Upande wa kulia uliwekwa vitufe kama vya piano, na upande wa kushoto ukawekwa safu za vibonye vya besi kwa mpangilio uitwao Stradella, ambapo safu mbili hutoa sauti moja moja za chini na safu nyingine hutoa akodi zilizokwisha kuunganishwa ndani ya mashine. Akodiani kubwa ya kawaida ina vitufe 41 na vibonye 120, yaani safu 6 za vibonye 20, na uzito wake hufika kilo 10 au zaidi. Ndogo ya mwanafunzi huwa na besi 12, 48 au 72. Mpigaji haoni vibonye hivyo anapopiga, kwa sababu vipo nyuma ya mvukuto, hivyo kibonye cha noti ya do huwekewa kishimo au alama ambayo kidole huitambua kwa kugusa, na kutoka hapo mkono hujifunza masafa kama kipofu anavyoijua nyumba yake.

Ukubwa huo uliotofautiana ulikuwa pia mbinu ya mauzo. Nchini Marekani, hasa kati ya miaka ya 1930 na 1950, wauzaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwaandikisha watoto, wakiwaazima akodiani ya besi 12 kwa wiki chache za majaribio, kisha wakiwashawishi wazazi kwamba mtoto ana kipaji na anahitaji kubwa zaidi. Maelfu ya watoto walijifunza hivyo. Muziki wa roki ulipoenea gitaa likachukua nafasi, na viwanda vya Castelfidardo, vilivyofikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1950, viliporomoka, vingine vikifunga na vingine vikigeukia vinanda vya umeme. Kampuni ya Farfisa, iliyozaliwa kwa kuunganisha watengenezaji wa akodiani, ilipata umaarufu wake duniani kwa vinanda hivyo. Akodiani zilizobaki zikaingia uvunguni na darini. Hapo ndipo chanzo cha mambo mawili yanayoonekana hadi leo, yaani soko kubwa la akodiani zilizokwisha kutumika, na kundi la wanafunzi wanaorejea, watu waliofunzwa utotoni, wakaacha kwa miongo kadhaa, kisha wakanunua tena ala baada ya kustaafu.

Afrika haikuwa na wauzaji wa nyumba kwa nyumba, ila ilikuwa na mabaharia, wamisionari, wanajeshi na wachimba migodi. Lesotho, ala hii ndiyo uti wa mgongo wa famo, muziki wa wafanyakazi waliohamia migodi ya Afrika Kusini. Nchini Nigeria, I. K. Dairo aliiingiza katika muziki wa juju. Na katika jiji la Léopoldville, Camille Feruzi alijulikana kwa ala hiyo kabla ya gitaa kutawala muziki wa Kongo. Katika nyanda za kati za Kenya, Wakikuyu waliijenga ngoma ya mwomboko, inayochezwa na wanaume na wanawake wawili wawili kwa hatua zenye athari za dansi za Kizungu, kwa ala mbili tu: akodiani na karing'aring'a, mduara wa chuma unaogongwa kwa kipande kingine cha chuma.

Unguja ilifuata njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa simulizi iliyoenea, taarab ilianzia katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye alileta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza Kairo. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Kundi la Siti binti Saad, ambaye sahani zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, lilikuwa dogo, lenye udi, fidla na ngoma ndogo za mkono. Akodiani haikuwa na nafasi katika muziki wa namna hiyo. Iliingia baadaye, wakati redio ya Kairo, sahani za santuri na filamu za Kimisri zilipowafanya wapigaji wa Unguja watamani okestra kubwa, yenye fidla nyingi zilizopangwa kwa safu na besi kubwa ya kusimama, kwa mfano wa zile zilizowasindikiza Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab. Misri yenyewe ilikuwa imekwisha kuikubali akodiani, na Unguja iliichukua kutoka Misri zaidi kuliko kutoka Ulaya, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaoihesabu kuwa alama ya Uzungu ndani ya taarab.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika mkono wa kushoto. Muziki wa Kiarabu na taarab ya jadi hazijengwi juu ya akodi, bali juu ya wimbo mmoja ambao ala zote huufuata, kila moja ikiupamba kwa namna yake. Kwa hiyo mpigaji wa taarab hutegemea mkono wa kulia, akienda sambamba na fidla katika bashrafu, yaani kipande cha ala pekee kinachofungua onyesho, na akimjibu mwimbaji mwishoni mwa mishororo. Vibonye vya akodi vya upande wa kushoto hutumika kwa uchache mno, na pengine havitumiki kabisa, mkono huo ukibaki na kazi ya kuvuta na kusukuma mvukuto. Ala iliyopewa jina kwa sababu ya akodi ikawa, mikononi mwa Wazanzibari, ala ya wimbo, na kwa maoni yoyote ya haki hayo ni mageuzi makubwa kuliko lolote walilolifanya mafundi wa Vienna baada ya Demian.

Hata hivyo utayari wa sauti, ule uliomvutia mnunuzi wa Ulaya, uligeuka kuwa kizuizi. Maqamu, yaani mifumo ya ngazi za sauti za Kiarabu, baadhi yake kama rasti na bayati huhitaji robo toni, sauti inayoangukia kati ya vitufe viwili jirani vya piano. Mpiga fidla huisogeza kwa kidole, lakini kilimi cha chuma hakisogei. Tatizo hilo si la akodiani peke yake: harmoniamu, ndugu yake wa mezani aliyezoeleka katika taarab ya Mombasa, ilipigwa marufuku na redio ya taifa ya India mwaka 1940 kwa hoja zinazofanana, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wamisri walitafuta dawa kwa kukwangua vilimi, kwani kilimi kikikwanguliwa karibu na ncha sauti hupanda na kikikwanguliwa karibu na shina hushuka, hivyo baadhi ya vitufe vikapatiwa robo toni. Unguja, kwa kiasi kikubwa, ilikubali kuishi na mipaka ya kiwandani, na masikio ya wasikilizaji yakazoea.

Kuhusu ununuzi, desturi ya visiwani kwa muda mrefu ilikuwa ya klabu. Akodiani ni ghali, na klabu kama Ikhwani Safaa na Culture ziliweka ala kuwa mali ya wote, zikahifadhiwa ukumbini, na kijana akajifunza hapohapo kwa kusikiliza mazoezi ya jioni na kushika ala mkubwa wake anapoiweka chini. Njia hiyo ilizaa wapigaji wenye masikio makali ambao wengi wao hawakusoma noti. Ilikuwa pia na udhaifu ulio wazi, kwa kuwa aliyeacha klabu aliacha na ala, na kwake kurejea kulimaanisha kurudi ukumbini, si kufungua sanduku nyumbani. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofahamika kwa herufi DCMA na kilichoanza kufundisha Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilibadilisha hali hiyo kwa kuifundisha akodiani kama somo, pamoja na udi, ganuni na fidla, kwa watoto na watu wazima, wanawake kwa wanaume. Mabadiliko hayo yalikuja wakati taarab ya kisasa ilikuwa imekwisha kuihamishia kazi ya akodiani kwenye kinanda cha umeme, kama Castelfidardo ilivyofanya kabla yake.

Kikwazo kilichobaki ni hali ya hewa. Vilimi hugandishwa kwenye vibao vyake kwa nta ya nyuki, ambayo hulainika kwenye joto kali, ndiyo maana akodiani iliyofungiwa ndani ya gari juani huweza kumwaga vilimi vyake vyote. Upepo wa chumvi huvitia kutu, na ngozi ndogo zinazofunga matundu ya hewa hujikunja. Akodiani iliyokaa miaka 30 bila kupigwa inaweza kung'aa nje na kuwa imekufa ndani, na fedha ya kuifufua huzidi ile iliyoinunua. Anayerejea baada ya miaka mingi, na anayenunua kwa mara ya kwanza, hana budi kukagua mambo matatu kabla ya kutazama rangi: mvukuto usishuke haraka ala inaponing'inizwa kwa upande mmoja bila kubonyezwa kitu, kila kitufe kilie kwa kuvuta na kwa kusukuma, na sanduku lisinuke ukungu. Na vyuo na klabu zinazofundisha kupiga zingefanya vyema kufundisha pia kukwangua vilimi na kuyeyusha nta, kwani mpigaji hupatikana Unguja kwa urahisi kuliko fundi.