Kutoka Kalulu hadi Mahakama Kuu: watoto wa Ziwa Tanganyika mikononi mwa wageni

Agosti 1876, msafara wa Henry Morton Stanley ulipokuwa ukivuka kutoka Ujiji kwenda ng'ambo ya magharibi, wapagazi walianza kutoroka. Ndui ilikuwa imeingia Ujiji, na habari za Manyema, nchi waliyokuwa wakielekea, zilikuwa za kutisha. Miongoni mwa watoro alikuwamo kijana ambaye hakuna aliyemdhania: Kalulu, aliyekwisha kuiona London na Marekani, akakaa mwaka na nusu katika shule moja ya Wandsworth, na ambaye jina lake lilikuwa limepamba jalada la riwaya aliyoitunga Stanley mwaka 1873. Watu walitumwa kumsaka. Akakamatwa, akarudishwa msafarani. Machi 1877 mtumbwi wake ulisombwa na maporomoko ya Mto Congo, akafa maji. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina lake.

Alimpataje? Mwaka 1871, huko Tabora, mfanyabiashara wa Kiarabu alimtoa mtoto huyo zawadi. Alikuwa na jina lake, Ndugu Mhali; Stanley akambadilishia. Miezi michache baadaye mtoto alikuwa Ujiji akimhudumia bwana wake mpya siku zile za kukutana na Livingstone. Wapenzi wa Stanley husema kijana alipata elimu na kuuona ulimwengu, na hilo ni kweli. Lakini aliyepewa yote hayo ndiye aliyekimbia alipopata nafasi, tena kwenye ziwa hili, mahali ambapo angeweza kupotelea kati ya watu wanaofanana naye.

Baada ya Stanley walikuja waliotaka watoto kwa nia nyingine. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie waliingia Ujiji Januari 1879. Mji ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na mapadri walikuwa na mpango wao: kuwakomboa watoto kwa kuwanunua, kuwaweka kwenye vituo vya malezi, kuwafundisha dini na kazi za mikono. Mwaka huohuo walifungua kituo Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Mei 4, 1881, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa na wenyeji, watu wa Bikari, katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa chini ya wamisionari. Kila upande uliamini kwamba mtoto ni wake. Hapakuwa na hakimu wa kuwaamua, wala karatasi, wala mtu aliyetambuliwa na pande zote mbili kuwa msemaji wa mtoto. Kituo kikafungwa.

Kazi ilihamia kusini. Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na hapo ndipo alipokuja Adrien Atiman. Huyu alizaliwa Tundurma, karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mdogo, akakombolewa na mapadri huko Algeria, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa mwanamke wa pande hizo, akatibu watu wa mwambao hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph akawa padri. Maisha ya Atiman hupendwa kusimuliwa, na yanastahili. Hata hivyo mpango uliomlea ulitegemea moyo wa aliyemshika mtoto, na moyo haukaguliwi. Tena kila mtoto aliyelipiwa kitambaa alimwachia mwuzaji mtaji wa kwenda kuteka mwingine.

Kwa muda mrefu sheria haikuwa na la kusema juu ya haya. Ukoloni wa Kiingereza ulileta sheria ya kuasili, Sura ya 335, ambayo kwa watu wa Kigoma ilikuwa kama ya nchi ya mbali. Wao walikuwa na utaratibu wao: mtoto wa marehemu anachukuliwa na shangazi, baba mdogo au bibi, awe amezaliwa Uvira, Rumonge au Mwanga. Kwa Waislamu wa Ujiji yatima hulelewa bila kubadilishiwa ukoo. Anabaki kuitwa kwa jina la baba yake mzazi. Mahakama haikuhusika, na mara nyingi mpaka wa nchi nao haukuhusika.

Sura ya 335 ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Masharti yake kwa mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania yakisomwa polepole, yanaonekana kama majibu ya maswali aliyoyaacha Stanley. Lazima ithibitike kwanza kwamba mtoto hawezi kupata familia au malezi yanayomfaa hapa nchini. Mwombaji awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa angalau miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingineko, na alete uthibitisho wa mamlaka za nchi yake kwamba anafaa. Aishawishi pia mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo na kumpa mtoto haki ya kuishi huko. Mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi, na ampite mtoto kwa angalau miaka 21. Anayetoa amri ni Mahakama Kuu. Mkuu wa kituo hana mamlaka hayo, mchungaji hana, wala mwenyekiti wa mtaa.

Miaka mitatu hulalamikiwa sana na wageni. Wafadhili wanaokuja kwa wiki mbili, wakapenda mtoto kituoni na kutaka kuondoka naye, huiona kama ukatili wa urasimu. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Wiki mbili zinatosha kumpenda mtoto. Hazitoshi kujua kama ana bibi kijijini Kalinzi anayemtafuta.

Na Kigoma inajua vizuri habari za watoto wanaotafutwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Congo. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni, kipindupindu kikawapata hapohapo, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Katika msongamano kama ule mtoto hupotezana na mama yake, na anayeonekana yatima leo mwezi ujao hupatikana mjomba wake kambi ya pili. Ndiyo maana miongozo ya shirika la wakimbizi, UNHCR, inataka ndugu watafutwe kwanza, kwa kawaida kwa miaka isiyopungua miwili, kabla ya kuasili kufikiriwa.

Ng'ambo ya ziwa, Septemba 2013, Congo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa na wageni, ikitilia shaka nyaraka na hatima yao. Mamia ya watoto ambao kuasiliwa kwao kulikwisha kuamuliwa mahakamani walikwama hadi mwaka 2016. Nchi nne zinagawana Ziwa Tanganyika: Burundi ilijiunga na Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi mwaka 1998, Zambia mwaka 2015, huku Tanzania na Congo zikibaki nje. Kwa hiyo mtoto anayevuka maji haya anaweza kutoka chini ya kanuni moja na kuingia chini ya nyingine kabla mtumbwi haujafunga gati.

Kwa mkazi wa Kigoma anayetaka kuasili, mlango wa kuingilia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, na sheria hairuhusu malipo yoyote ya kununua ridhaa ya mtu. Anayemwona dalali akimtafutia mgeni mtoto kwa fedha apige simu namba 116, ambayo ni ya bure.