Dresden: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Juma hili tuupime usemi huo katika mji wa Dresden, ulioko mashariki mwa Ujerumani, kando ya mto Elbe. Ndio mji mkuu wa jimbo la Saksonia, mji wa majumba ya kifalme, na kila mwaka watalii humiminika huko na kamera zao shingoni.

Ya kutazama yapo mengi. Lipo jumba la Zwinger, lililoanza kujengwa mwaka 1710 enzi za August Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia aliyekuwa pia mfalme wa Poland. Humo mna mchoro wa Bikira Maria wa fundi Mtaliani Raphael, ule wenye malaika wawili wadogo walioegemea chini kana kwamba wamechoka kungoja. Mchoro huo ulinunuliwa mwaka 1754. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wasovieti waliuchukua hadi Moscow, wakaurudisha baada ya miaka kumi.

Hatua chache kutoka hapo kuna ukuta wenye urefu wa takriban meta 102, uliopambwa kwa vigae vya kaure vipatavyo 23,000, vikionyesha watawala wa Saksonia juu ya farasi zao, mmoja nyuma ya mwenzake. Moto mkubwa wa vita uliupitia ukuta huo, lakini vigae vingi vikabaki vizima. Si ajabu, kwani kaure ni mtoto wa tanuri.

Moto huo ulianza usiku wa tarehe 13 Februari 1945. Ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu mara mbili usiku ule, na mchana uliofuata zikaja za Marekani. Katikati ya mji kukawa majivu. Kanisa kuu la Walutheri, Frauenkirche, lililojengwa kati ya mwaka 1726 na 1743, lilisimama siku mbili katika joto lile. Asubuhi ya tarehe 15 nguzo zake zikashindwa, na kuba lake la mawe, lenye uzito wa takriban tani 12,000, likaporomoka.

Serikali ya Ujerumani Mashariki iliuacha mlima ule wa vifusi ulivyo, kwa zaidi ya miaka arobaini, uwe kumbukumbu ya vita. Kuanzia mwaka 1982 vijana walikuwa wakikusanyika hapo na mishumaa kila Februari, wakidai amani kimya kimya, na wakuu wa dola hawakupendezwa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, wananchi wa Dresden, wakiongozwa na mpiga tarumbeta Ludwig Güttler, wakaomba msaada duniani kote ili kanisa lisimamishwe tena.

Hapo ndipo penye kazi ya kuundwa, ndugu zangu. Mwaka 1993 mafundi walianza kuvichambua vifusi, jiwe moja moja. Kila jiwe lilipimwa na kupewa namba, na kompyuta zikasaidia kukisia lilikuwa wapi ukutani. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 1994, na kanisa likafunguliwa tarehe 30 Oktoba 2005. Gharama zilifika takriban euro milioni 180, na zaidi ya nusu ilitokana na michango ya watu wa kawaida.

Ukilitazama leo utaona mawe meupe na mawe meusi. Meusi ni yale ya zamani. Juu kabisa kuna msalaba wa dhahabu uliotolewa na Waingereza, na mmoja wa mafundi walioutengeneza ni mtoto wa rubani aliyeshiriki kuipiga Dresden.

Basi hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu mno. Lakini kovu huwa na wenyewe wanaoligombania. Wanazi, siku chache baada ya mabomu, walitangaza kwamba waliokufa ni 200,000. Hesabu hiyo ya propaganda ikarithiwa na wafuasi wao, ambao kwa miaka mingi wameandamana Dresden kila Februari, wakitaka Ujerumani ionekane mwonewa tu. Mji ukaunda tume ya wanahistoria, na mwaka 2010 wakatoa jibu: waliokufa hawazidi 25,000. Ni msiba mkubwa, hauhitaji kuongezewa chumvi. Mwaka huohuo wananchi walishikana mikono wakauzunguka mji wa kale, kuwazuia waandamanaji wale.

Tena, moto wa kwanza haukutoka angani. Tarehe 9 Novemba 1938 Wanazi wa Dresden wenyewe waliichoma sinagogi ya Wayahudi, kazi ya Gottfried Semper, msanifu yuleyule aliyejenga jumba maarufu la opera la mji huo. Sinagogi mpya ilifunguliwa mwaka 2001, tarehe ileile ya Novemba. Haina urembo wa majumba ya kifalme, na watalii wengi huipita.

Wengi hupita pia, ng'ambo ya mto, uwanja mdogo wenye jina la Jorge Gomondai. Huyu alikuwa kijana wa Msumbiji, mmoja wa maelfu walioletwa kufanya kazi za mkataba Ujerumani Mashariki. Pasaka ya mwaka 1991 alishambuliwa na kundi la vijana wabaguzi ndani ya tramu, akafariki kwa majeraha tarehe 6 Aprili, akiwa na umri wa miaka 28. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 2007.

Msikilizaji, mji uliookota maelfu ya mawe na kuyapa namba umeonyesha subira ya ajabu. Subira hiyohiyo ndiyo idaiwayo kwa watu: kila aliyeuawa ahesabiwe, asiongezwe wala asisahauliwe. Ukijaliwa kufika Dresden, lipige picha kuba, ni haki yako. Kisha vuka daraja, ulisome na jina la mwana wa Msumbiji.

Hadi juma lijalo, kwaherini.