Uzi wa buibui, ulimi wa chura na neva iliyokatika

Wandugu, ku hospitali zetu tumezoea kusikia neno hili: «kidonda kimepona.» Mtu alikatwa panga ku mkono, ama risasi ilipita, ama motari alimwangusha barabarani. Wamemshona, ngozi imefunga vizuri, anarudi kwake. Lakini vidole havisikii moto wala baridi, na mkono unaanza kukonda. Familia inasema basi, mkono umekufa. Nataka kuwaeleza historia ya watu waliokataa neno hilo. Walichogundua ni hiki: neva ikikatika, nguvu ya kuota iko nayo bado. Inachokosa ni njia ya kushika.

Tuanze mwaka 1850. Augustus Waller, daktari Mwingereza, alikata neva za ulimi wa chura na kuangalia kwa mikroskopi. Upande ulioshikana na kichwa ulibaki mzima. Upande wa mbele ya mkato ulivunjika vipande vipande. Maana yake, uzi wa neva unalishwa kutoka mbali, na ukikatwa, sehemu ya mbele haishonwi ikaamka kama waya ya umeme. Lazima uzi mpya utoke ku kisiki, utembee njia nzima. Kwa mtu mzima unatembea karibu milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe kutoka bega mpaka vidole: sentimeta 60 na zaidi. Ni karibu miaka 2. Na misuli iliyokaa bila neva haingoji hivyo. Ikipita mwaka 1, mwaka 1 na nusu, inageuka, na hata neva ikifika haikuti tena kitu cha kuamsha.

Sasa tuende Liège, mji ambao waganga wengi wa kwetu wanaujua kwa masomo. Theodor Schwann, Mjerumani yule wa nadharia ya seli, alifundisha pale kuanzia 1848, baada ya kufundisha Louvain. Seli zinazovika nyuzi za neva zinaitwa kwa jina lake, na mu habari yetu ndizo zinazofanya kazi kubwa kuliko zote: neva ikikatika, seli za Schwann zinafagia vile vipande, halafu zinajipanga mstari mmoja mmoja kama watu wanaopokezana matofali. Uzi mpya unafuata mstari huo.

Mu Liège hiyo hiyo, mwaka 1882, Constant Vanlair alichukua mfupa, akautoa chumvi zake mpaka ukawa laini, akautengeneza mrija, akaziba nao pengo la sentimeta 3 mu neva kubwa ya mguu wa mbwa. Nyuzi zilipita ndani. Wazo lilikuwa la fundi kabisa: zuia kovu lisiingie, acha njia wazi. Ila mrija mtupu ni kama eshafodaje yenye miti ya pembeni tu, bila mbao za kukanyaga. Fundi atapanda wapi?

Jibu la swali hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine. Wakati ule wataalamu waligombana vikali: uzi wa neva unaota kutoka seli moja, ama unatengenezwa na seli nyingi zinazoungana njiani? Mwaka 1906 Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal walipewa Nobel pamoja, na kila mmoja alisimama kumkanusha mwenzake ku mambo ya neva. Mwaka 1907 Ross Harrison, Mmarekani, alikata kipande kidogo cha mfumo wa neva cha kiluwiluwi asiyekomaa bado, akakitundika mu tone la limfu ya chura chini ya kioo chembamba, akaziba kwa nta ya parafini. Akaona kwa macho yake uzi unatoka mu seli na kutembea. Ugomvi uliisha pale, na kazi ya kukuza seli nje ya mwili ilizaliwa pale pale.

Lakini mi naona jambo kubwa zaidi ni lile alilofanya baadaye, na vitabu vingi vinaliruka. Harrison alitambua kwamba uzi haukuti njia mu maji matupu. Limfu ikiganda inatoa nyuzinyuzi za fibrini, na uzi wa neva unazishika hizo. Ili kujaribu wazo hilo, alitandaza utando wa buibui mu chombo chake na kuweka seli juu. Seli zilishika utando, zikajinyoosha, zikafuata uzi kama mtu anayevuka daraja la kamba. Alitoa matokeo hayo kati ya 1911 na 1914. Kamati ya Nobel ilimpendekeza mwaka 1917, ila mwaka ule zawadi ya tiba haikutolewa kwa mtu yeyote. Hakuipata mpaka kufa.

Cajal naye hakulala. Mwanafunzi wake Francisco Tello aliweka kipande cha neva ya mguu mu ubongo wa sungura, na nyuzi za ubongo, ambazo kila mtu alisema haziwezi kuota tena, ziliingia mu kipande hicho. Hiyo ni 1911. Watu waliisahau miaka 70! Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, kule Montréal, walifanya panya daraja la neva ya mguu kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na nyuzi zilitembea karibu sentimeta 3. Seli za ubongo hazikuwa zimekosa nguvu. Zilikuwa zimezungukwa na udongo mbaya.

Mwaka 1982 Göran Lundborg na wenzake walirudia mrija, safari hii wa silikoni, ku panya. Pengo la sentimeta 1 lilipona, la sentimeta 1 na nusu halikupona. Sababu? Ndani ya mrija mfupi kamba ya fibrini inajifunga kutoka kisiki hiki mpaka kile, na seli zinatembea juu yake. Mrija ukiwa mrefu, kamba haifungi, na kila kitu kinasimama. Kumbe mrija wenyewe haukuwa dawa, ile kamba njo ilikuwa dawa. Mirija inayoyeyuka mwilini ilikuja, na mwaka 1990 Susan Mackinnon na Lee Dellon walieleza wagonjwa 15 waliotengenezwa hivyo neva za vidole. Nayo iliishia ku sentimeta 3.

Pale watu walikumbuka uzi. Mashine ilikuwepo tangu zamani: Anton Formhals alipata hati yake Marekani mwaka 1934 kwa kazi ya nguo. Unayeyusha plastiki mu dawa, unaipitisha ku sindano yenye umeme wa maelfu ya volti, inaruka kama mate ya buibui na kukauka hewani, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Ukiipokea ku gurudumu linalozunguka mbio, nyuzi zinalala upande mmoja. Mwaka 2008 kikundi cha Ravi Bellamkonda kiliweka nyuzi za namna hiyo mu pengo la milimita 17 la panya. Zilizolala sawasawa zilivusha neva, bila dawa yoyote ya kukuza. Zilizotupwa ovyo, za plastiki ile ile, zilishindwa. Tofauti ilikuwa mpangilio tu.

Na mwaka 2011, Hannover, kikundi cha Peter Vogt kiliziba pengo la sentimeta 6 ku mguu wa kondoo. Walitumia mshipa wa damu uliojazwa nyuzi za buibui wa jamii ya Nephila, wale wakubwa wenye utando wa rangi ya dhahabu, ambao Afrika yetu inao. Miaka 100 baada ya Harrison, uzi ni ule ule.

Ku mgonjwa wa pengo refu, hata Ulaya, kitu cha kwanza bado ni neva ya mgonjwa mwenyewe: wanakata neva surali nyuma ya mguu, pembeni ya mguu chini panakufa ganzi kidogo, na kipande hicho kinakuwa daraja lenye seli za Schwann tayari. Hanno Millesi wa Vienna aliitengeneza vizuri kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Haiombi mrija wa kununua ng'ambo. Inaomba miwani ya kukuza, uzi mwembamba sana, munganga aliyefundishwa, na mgonjwa anayefika mapema, kabla ya misuli kugeuka. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kufunga ngozi, mwambieni mgonjwa agusishwe vidole kimoja kimoja, na majibu yaandikwe ku fishi yake.