Paipu ya Geji ya Oili: Urithi wa Mvuke Ndani ya Pikapu za Zamani

Geji ya oili kwenye dashibodi ya pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1950 haiendeshwi na umeme. Nyuma yake inaingia paipu nyembamba, na ndani ya paipu hiyo imo oili yenyewe, iliyotoka ubavuni mwa injini, ikapenya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini na kufika karibu kabisa na magoti ya dereva.

Ufundi huo ni mkongwe kuliko gari. Mwaka 1849, jijini Paris, mtengenezaji wa mitambo ya mvuke Eugène Bourdon alipata hataza ya geji yake. Husimuliwa kwamba alikuwa akirekebisha bomba lililopindwa kama springi ambalo lilikuwa limebonyea. Alipolisukumia maji kwa nguvu ili lirudi kuwa duara, likaanza kujikunjua. Hapo akapata wazo: neli bapa iliyopindwa, ikazibwa upande mmoja, hujinyoosha kidogo kila presha inapopanda. Ncha yake ikiungwa na meno madogo na mshale, geji imekamilika. Mwaka 1852 Edward Ashcroft alinunua haki za kuitumia hataza hiyo Marekani, na geji ya Bourdon ikaenea kwenye boila za huko.

Magari mengi ya mwanzo hayakuwa na haja nayo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa hata na pampu ya oili. Oili ilirushwa na sehemu zinazozunguka. Aliyetaka kujua kama inatosha alilala chini ya gari na kufungua vibomba viwili vidogo. Kwenye tope, hiyo ilikuwa kazi ya mwenye moyo.

Chevrolet ilipoleta injini ya silinda sita mwaka 1929, pampu ilikuwepo, lakini presha yake ilikuwa ndogo. Konrodi zilikuwa na vijiko vilivyochota oili kila zilipozunguka. Ndiyo maana geji za pikapu zake za miaka ya 1940 ziliishia paundi 30 tu kwa inchi ya mraba, na mshale kusimama karibu na 14 barabarani lilikuwa jambo la kawaida. Mnunuzi wa leo aliyezoea injini mpya huuona mshale ukilala chini injini ikiwa moto, akaamini pampu imekufa, kumbe injini ni nzima. Mfumo wa kusukuma oili kwa presha kamili ulizifikia injini zote za silinda sita za Chevrolet mwaka 1954.

Ford walikwenda njia nyingine: pikapu ya F-1 ya mwaka 1948 ilikuwa na geji ya umeme, bila oili ndani ya kabini. Kisha mwaka 1955 Chevrolet wenyewe wakaiondoa geji ya oili kwenye pikapu zao mpya na kuweka taa nyekundu. Ni rahisi kutengeneza, lakini taa hungoja hadi presha iwe karibu kwisha ndipo iwake. Dereva hupata habari ya msiba, si ya ugonjwa. Kwenye pikapu za 1967 hadi 1972, mteja aliyelipa zaidi alipata geji, na ile ya oili ilikuja tena na paipu yake.

Adui mkubwa wa paipu hiyo ni mtetemo. Injini hutikisika, kabini hutikisika kwa namna yake, na shaba inayopindwapindwa huwa ngumu hadi ikapasuka. Kwa hiyo mafundi huizungusha mara moja au mbili karibu na injini, ili mzunguko huo umeze mtikisiko. Paipu ya nailoni haina ugonjwa huo, ila huyeyuka ikigusa manifodi ya eksozi. Zote mbili zinahitaji pete ya mpira pale zinapopita kwenye tundu la ukuta wa chuma, la sivyo ukingo wa bati utazikata polepole.

Nati za paipu ndizo zinazoharibiwa zaidi na mikono yenye haraka. Kipete cha shaba kikibanwa kupita kiasi huiminya paipu, na uvujaji unazidi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo ni ya kuogopwa: vipande vyake hukatika na kuziba tundu dogo la geji. Oili iliyomo kwenye paipu isiyopasuka haizunguki, kwa hiyo si ya moto sana. Lakini paipu ikipasuka, oili moto ya injini huifuata mara moja, hadi kwenye suruali ya dereva. Injini inayoendelea kuunguruma inaweza kuimwaga oili yake yote kupitia tundu hilo.

Kwa hiyo mwenye pikapu ya zamani ambaye mshale wake umeanguka ghafla azime injini, akague oili, kisha aifuate paipu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Afunge geji nyingine, moja kwa moja kwenye injini, na kulinganisha kabla ya kukubali kumlipa fundi afungue sampu.