Rupia Isiyovuta Mchele

Msimu wa korosho ulipokwisha, mjomba alinipigia simu kutoka Nanganga. "Mpwa wangu, njoo uione mwenyewe. Mambo haya si ya kuzungumza kwenye simu." Ukitokea Lindi, Nanganga ni pale njia panda kabla hujafika Ndanda: barabara moja inaendelea Masasi, nyingine inakata kulia kwenda Ruangwa. Nikashuka pale, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Mjomba alifunga mlango ndipo akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na sarafu moja. "Rupia ya Mjerumani," akaninong'oneza. Aliyemuuzia alimwambia ni ile halisi, ile inayovuta mchele: ukiisogeza karibu na punje, eti zinaifuata zenyewe. Tajiri kutoka Dar angekuja kuinunua kwa mamilioni. Mjomba akatoa fedha ya korosho yote ya mwaka. Tajiri hakutokea, na simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Msomaji, hadithi ya rupia inayovuta mchele bila shaka umeisikia, maana imezunguka nchi nzima. Mimi sikuwa na mchele wa kuujaribu. Nilifanya mambo matatu tu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya.

Kwanza, nilisoma. Sarafu ile iliandikwa mwaka 1888. Lakini Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Rupia zake zilikuwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, jina lake likiwa kwa Kilatini, na upande wa pili simba chini ya mnazi. Pili, niliazima mzani wa jirani anayenunua dhahabu. Rupia nzima ya fedha ina uzito wa gramu 11.66. Ya mjomba haikufika hata 9. Tatu, nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Fedha hainaswi na sumaku. Sarafu ya mjomba iliruka ikaganda, tak! Kumbe kweli inavuta, ila inachovuta ni sumaku.

Mjomba hakucheka. Nami sikuthubutu kumlaumu, maana chini ya uongo ule kulikuwa na kitu cha kweli. Rupia iliwahi kutawala maisha ya watu wa huku. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kudai kodi ya nyumba, na ili mtu aipate rupia ilibidi auze mazao au akafanye kazi kwa mwenye nazo. Kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa machungu yaliyozaa vita vya Maji Maji mwaka 1905, vita vilivyofika hadi Masasi na kuunguza misheni ya Waanglikana pale. Babu zetu waliijua rupia kama kitu ambacho ukikikosa unakamatwa. Sisi wajukuu tunaiota kama kitu ambacho ukikipata unatajirika. Sijui nani kati yetu ameielewa vizuri zaidi.

Hata vinywa vyetu vimebeba sarafu hizo. Neno pesa asili yake ni paisa ya Wahindi, na Wajerumani walipotoa sarafu yao ya shaba mwaka 1890 waliiita hivyohivyo, pesa, 64 kwa rupia moja. Upande mmoja waliweka tai wao, upande wa pili jina la kampuni kwa herufi za Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria, kwa sababu walijua watu wa pwani wanasoma nini. Mwaka 1904 wakabadilisha hesabu, rupia moja ikawa heller 100. Heller ndiyo hela. Ndiyo hiyohiyo tunayoiomba, tunayoidai na tunayogombana kwa ajili yake kila siku.

Lakini rupia si sarafu ya kale hasa. Ukitaka kale yenyewe, panda pwani kutoka Lindi mpaka Kilwa Kisiwani. Masultani wa huko walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Ni vidogo, wengine wangevidhani vifungo vya shati. Kwa kawaida havina mwaka. Vina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zina vina! Yaani ukiigeuza sarafu unamalizia ubeti. Sisi tunaopenda fasihi tungepaswa kuanzia hapo tunapohesabu maandishi ya pwani yetu.

Sasa, kama sarafu haina mwaka, utajuaje ni ya lini? Utajua kwa mahali ilipolala. Hapa ndipo pana somo ambalo wachimbaji wa rupia hawalitaki, na mifano miwili inatosha.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa huku kwetu, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya. Dinari zina miaka. Kwa kuwa vyote vilikutwa pamoja na kuandikwa vilivyokutwa, dinari zikawa mashahidi wa zile zisizo na mwaka: tukajua kwamba karne ya 11 watawala wa pwani hii walikuwa tayari wanapiga fedha zao.

Mfano wa pili uko mbali. Mwaka 1944, mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akaziweka kwenye kopo. Zilikuja kutambuliwa mwaka 1979: nne za Kiholanzi, na tano za Kilwa. Za Kilwa, Australia! Lakini aliziokota tu, hakuna aliyechunguza zililala kwenye tabaka gani na pamoja na nini. Kwa hiyo mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Sarafu zipo, ila shahidi wao hayupo.

Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuchimbua mabaki ya kale bila leseni. Wengine huiona ni serikali kuwanyima maskini riziki. Mimi naona kila shimo linalochimbwa usiku kwenye boma bovu au kaburini linafuta ukurasa ambao hatutausoma tena, na anayelichimba kwa kawaida harudi hata na nauli.

Nilikuwa namweleza mjomba haya wakati bibi, mama yake, alipoinuka bila neno. Akarudi na kopo la maziwa la sindano na vifungo. Akatoa kitu cha rangi ya shaba ya njano, kimechongwa vibaya vibaya: taji, herufi D.O.A., mwaka 1916. Nyuma: 20 Heller, na chini yake herufi T.

T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza ziliifunga bahari, sarafu mpya hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, basi zikapigwa huko Tabora, kwenye karakana ya reli. Septemba 1916 Wabelgiji wakautwaa mji. Vita vikasogea kusini, mpaka huku kwetu. Oktoba 1917 watu waliuawa na kujeruhiwa kwa maelfu pale Mahiwa, karibu na Nyangao, na Novemba Wajerumani wakarudi nyuma hadi Newala na kuvuka Ruvuma. Njia yote hiyo wapagazi wakibeba mizigo ya vita visivyo vyao.

"Hii mama aliikuta kwa baba yake," bibi akasema. "Mimi naipimia vifungo tu." Kifungo kikilingana nayo, ni cha koti.

Mjomba aliishika muda mrefu. Ilikuwa ndani ya nyumba yake siku zote. "Hii nayo ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia ukweli: haitarudisha korosho zake, wakusanyaji wanazo nyingi. Nikachukua karatasi, nikaandika ni sarafu gani, imekaa nyumba gani, kijiji gani, imetoka kwa nani kwenda kwa nani, nikataka kuikunja.

"Ngoja," bibi akasema. "Andika na jina la mama yangu."