Kasi na Kiasi

Kila kitu kiendacho kina kasi yake, na kina kiasi chake. Nahodha anayelijua jahazi lake hujua tanga lake litahimili upepo gani, na mwenye punda hujua mzigo utakaofika sokoni na mzigo utakaomwangusha mnyama njiani. Kompyuta nayo, ijapokuwa ni chombo cha juzi, haikutoka katika kanuni hii. Ndani yake imo prosesa, kipande kidogo cha silikoni ambacho ndicho kifanyacho hesabu zote, na kila prosesa hupewa na kiwanda namba ya kasi yake. Watu wengi huisoma namba hiyo kama mpaka usiovukwa. Wachache waliuliza kama kweli ni mpaka, au ni ahadi tu ya kiwanda. Habari ya swali hilo ndiyo nitakayokueleza, msomaji, kwani ina mafunzo kwa kila mtu atakayegusa chombo kilichoundwa na wengine.

Kwanza yafaa tujue kasi ya prosesa ni nini. Prosesa haifanyi kazi kwa mfululizo kama maji ya mto; hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata ngoma moja. Ngoma ya kompyuta ni kipande cha fuwele ambacho hutikisika kwa nguvu ya umeme mara nyingi sana katika sekunde moja bila kupoteza hesabu. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi 1. Ngoma ikipigwa upesi zaidi, kazi nyingi zaidi hufanyika katika muda ule ule. Lakini kila pigo lazima liwe na nafasi ya kutosha ili umeme ufike unakokwenda ndani ya prosesa. Nafasi hiyo ikipungua mno, pigo la pili huja kabla kazi ya pigo la kwanza haijatimia, na hapo jibu huwa la uongo. Tena kila pigo huzaa joto. Mtu akiongeza volti ili umeme ukimbie zaidi, joto huzidi kuliko volti zenyewe: volti zikipanda kwa sehemu moja katika kumi, joto hupanda kwa sehemu kama mbili katika kumi. Haya mawili, nafasi ya pigo na joto, ndiyo mipaka ya kweli. Namba iliyoandikwa ni jambo jingine.

Tazama mfano wa zamani. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, iliweka ndani yake prosesa ya Intel iitwayo 8088. Intel ilikuwa imeiruhusu prosesa hiyo kwenda kwa megahezi 5, lakini IBM iliiendesha kwa megahezi 4.77. Hapakuwa na udhaifu wowote uliowalazimisha. Wahandisi walitaka fuwele moja itumikie kazi mbili, yaani kuendesha prosesa na kutoa ishara ya rangi kwa televisheni za Marekani. Fuwele ya megahezi 14.318 ilifaa: ukiigawa kwa tatu unapata mwendo wa prosesa, na ukiigawa kwa nne unapata ishara ya rangi. Basi namba ile haikupimwa kwa uwezo wa prosesa. Ilipimwa kwa televisheni na kwa nia ya kupunguza gharama.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta nyingine, iliyoitwa AT, yenye prosesa 80286. Fuwele yake ilikuwa ya megahezi 12, na prosesa ilikwenda kwa nusu ya hiyo, yaani megahezi 6. Haukupita muda mrefu wenye udadisi wakagundua kwamba fuwele ile iliweza kutolewa na kuwekwa nyingine ya megahezi 16. Kwa kipande kidogo cha bei rahisi, mashine ya bei kubwa ikawa inakwenda kwa megahezi 8. IBM haikupendezwa. Baadaye iliibadilisha programu inayoiamsha kompyuta, ili ipime mwendo kila inapowashwa na kuikataa mashine iliyoharakishwa. Kisha mwaka 1986 IBM yenyewe ikauza AT ya megahezi 8. Jambo lililokatazwa kwa mnunuzi likawa bidhaa ya muuzaji.

Labda utauliza, msomaji, kwa nini kiwanda kiandike namba ndogo kuliko uwezo wa kitu chake. Jibu limo katika jinsi prosesa zinavyotengenezwa. Prosesa nyingi huchorwa pamoja juu ya sahani moja nyembamba ya silikoni, kisha hukatwa na kupimwa moja moja. Ijapokuwa zimetoka katika sahani moja, hazilingani, kama vile mahindi ya shamba moja yasivyolingana. Kiwanda huzipanga kwa madaraja, na huacha akiba, kwa maana hakijui kama prosesa itatumika katika chumba chenye baridi au katika duka lenye joto na vumbi. Lakini soko nalo lina amri yake. Wanunuzi wa prosesa za bei rahisi wakiwa wengi kuliko prosesa dhaifu zilizopo, kiwanda huchukua zilizo imara na kuziandika namba ndogo. Kwa hiyo, katika namba moja huweza kukaa pamoja tahadhari ya mhandisi na hesabu ya mfanyabiashara.

Pale penye pengo kati ya namba na uwezo, watu wa aina mbili waliingia. Wa kwanza walikuwa walaghai. Katika miaka ya 1990 walinunua prosesa za namba ndogo, wakafuta maandishi yake, wakaandika namba kubwa, wakaziuza kwa bei ya juu. Mnunuzi alipata mashine iliyoharakishwa pasipo kujua, na ilipomwangusha hakujua sababu. Intel ilijibu kwa kufunga kizidisho, nacho ni hesabu iliyomo ndani ya prosesa inayoamua mapigo yake yawe mara ngapi ya mapigo ya njia kuu ya ubao mama. Wa pili walikuwa wadadisi, walioharakisha prosesa zao wenyewe, kwa macho wazi, na kukubali hasara kama ingetokea. Kazi ya mikono yao ilifanana, lakini mmoja alidanganya na mwingine alipima.

Mwaka 1998 ulikuwa mwaka wa neema kwa wadadisi. Mwezi wa Aprili Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron, ambayo haikuwa na ghala la kumbukumbu la kuipa data upesi, na wengi waliilaumu kwa uzito wake. Tarehe 24 Agosti ikatoa nyingine, Celeron 300A, yenye ghala dogo la kilobaiti 128 lililojengwa ndani ya silikoni ile ile na kwenda kwa kasi ile ile ya prosesa. Siku hiyo hiyo ilitoa prosesa kubwa ya fahari, Pentium II ya megahezi 450, yenye ghala la kilobaiti 512 lililokwenda kwa nusu ya kasi. Bei ya jumla ya ile ndogo ilikuwa dola 149, na ya ile kubwa dola 669.

Sasa fanya hesabu nami. Kizidisho cha Celeron 300A kilifungwa katika 4.5, na njia kuu iliyokusudiwa kwake ilikuwa na mwendo wa takriban megahezi 66.7. Zidisha, utapata 300. Lakini ubao mama uliotengenezwa kwa ajili ya Pentium II mpya ulikuwa na njia kuu ya megahezi 100. Zidisha 100 kwa 4.5, utapata 450. Kufuli lilikuwa limefungwa, lakini mlango wa pili ulikuwa wazi. Kampuni ya ABIT ilitoa ubao uitwao BH6, ambao mtu aliweza kuchagua mwendo huo kwa kibodi tu, bila kugusa waya. Wengine wenye ubao usiotoa nafasi hiyo walifunika kwa utepe mguso mmoja wa prosesa, uliojulikana kama B21, na ubao ukadhani umepewa prosesa ya megahezi 100.

Angalia pia kwa nini jambo hili lilifanikiwa kwa wengi. Ubao uliundwa kwa megahezi 100, na kumbukumbu zilizonunuliwa ziliundwa kwa megahezi 100. Kilichotolewa katika ahadi yake ni prosesa peke yake. Nayo iliweza, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ufundi ule ule wa ile kubwa. Hata hivyo si kila Celeron 300A ilifika. Baadhi zilitaka volti kidogo zaidi au feni bora, na baadhi zilikataa kabisa. Aliyenunua kwa kutumaini megahezi 450 hakuwa na haki ya kumdai mtu yeyote, maana alichoahidiwa ni 300.

Ukidhani kwamba viwanda havivuki mipaka ya vyombo vyao, sikiliza habari ya mwaka 2000. Intel na AMD zilikuwa katika mashindano makali. Tarehe 6 Machi AMD ilitangaza prosesa ya gigahezi 1, yaani megahezi 1,000, na siku mbili baadaye Intel ikatangaza yake. Mwishoni mwa Julai, kwa kutaka kutangulia, Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Waandishi waliokuwa wakipima kompyuta, miongoni mwao Thomas Pabst na Kyle Bennett, waliona kwamba prosesa hiyo haikuwa imara. Michezo na programu nyingine huenda zisionyeshe kasoro. Lakini walipoipa kazi nzito ya kuugeuza msimbo wa kiini cha Linux uwe lugha ya mashine, ilishindwa kuimaliza. Intel ilichunguza, ikakubali kwamba upungufu upo, na kabla ya mwisho wa Agosti ikazirudisha prosesa hizo kiwandani. Kwa kweli kampuni ilikuwa imeiharakisha prosesa yake yenyewe kupita kiasi, kisha ikaiandika kasi ile kuwa ahadi. Haraka haraka haina baraka, na methali hii haimjui mkubwa wala mdogo.

Linganisha habari hizi mbili, msomaji, utaona kiini cha jambo. Mwaka 1998 namba ilikuwa ndogo kuliko uwezo. Mwaka 2000 namba ilikuwa kubwa kuliko uwezo. Katika zote mbili ukweli haukujulikana kwa kusoma maandishi wala kwa kusikia jina la kampuni. Ulijulikana kwa kupima.

Mbio za namba hazikuendelea milele. Mwezi wa Oktoba 2004 Intel iliacha mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa joto lilikuwa limekuwa adui mkubwa, na viwanda vikaelekea kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja. Tangu mwaka 2008 prosesa za Intel za jamii ya Core i7 zilianza kujiongezea mwendo zenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu. Kazi iliyofanywa na mdadisi kwa mkono ikawa inafanywa na prosesa kwa kujipima. Ndiyo maana anayetaka kujifunza jambo hili hujifunza vizuri zaidi kwa kompyuta ya mezani iliyozeeka, ambayo hasara yake si kubwa.

Kama siku moja utapata kompyuta ya namna hiyo, iwe yako au uwe umepewa ruhusa na mwenyewe; mashine ya shule si ya kujaribia. Weka kwanza nakala ya kazi zote mahali pengine, kwa maana prosesa inayokosea yaweza kuharibu kilichoandikwa. Futa vumbi katika feni na bamba la kupozea. Andika daftarini namba zote za awali. Fahamu pia kwamba kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi hazitoi nafasi ya kubadili mwendo. Ikiwa yako inatoa, ongeza kidogo tu, uache volti kama zilivyo, kisha uipe kazi nzito kwa saa kadhaa, kama programu za kutafuta namba tasa kubwa, ambazo hugundua hesabu ikikosewa. Tazama joto lake. Kumbuka kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Mwendo unaovumilika Limuru asubuhi huenda usivumilike Mombasa mchana. Kosa la kwanza la hesabu likitokea, rudi nyuma na utosheke.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Namba juu ya prosesa nayo imeundwa: imo ndani yake elimu ya mhandisi, hofu ya kiwanda, amri ya soko, na pengine haraka ya washindani. Kuiheshimu ni vizuri, na kuiuliza ni vizuri pia, mradi anayeuliza awe na subira ya kungoja jibu na uaminifu wa kulikubali. Anayeongeza kasi bila kupima huvunja chombo chake. Anayeandika kasi asiyoipima huvunja imani ya watu, na imani haina fundi wa kuiunga.